Mwaka Tulionyamazisha Mashine ya Barafu

Profesa Kilonzo alipofariki, wataalamu wenzetu wa sauti na kelele waliamua kumkumbuka huko Amu, mji wa kisiwani uliompa jina, wakakodi ukumbi wa hoteli moja ya ufukweni. Nilialikwa, nikaenda. Hawa ni watu walioandika vitabu vizima juu ya namna ya kumkinga mwanadamu na kelele. Jenereta ya hoteli ilikuwa ikinguruma chini ya dirisha letu, kiyoyozi kikikoroma ukutani, spika zikipiga miluzi kila mtu akiisogelea maiki, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kufunga dirisha. Waliinamiana tu wakapigiana kelele masikioni. Nilikaa safu ya pili na gilasi ya sharubati ya ukwaju ambayo nusu yake ilikuwa barafu, nikawasikiliza wakimwaga sifa. Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, nami sitamsema vibaya. Nitamsema alivyokuwa tu.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa kijana mwenye tai nyekundu ambaye hakuwahi kuonana na marehemu ila vitabuni. Alisimulia kile kisa ambacho katika kazi yetu kila mwanafunzi hukisikia mwaka wa kwanza: jinsi Profesa alivyokuja Amu, akakuta mashine ya kiwanda cha barafu inawatoa watu roho, akaipima, akaitengenezea sailensa, ikanyamaza, na akina mama wa mtaa, kwa furaha waliyokuwa nayo, wakapanda darini kumwimbia. Makofi. Kisa hiki nimekisikia miaka na miaka na kila mwaka kinanenepa. Zamani walikuwa akina mama wachache, siku hizi ni mtaa mzima, na nina hakika kwamba nikiishi kidogo zaidi nitasikia kwamba na punda waliitikia kiitikio. Niligeuka nyuma. Karibu na meza ya chakula alikuwa ameketi Batuli, bibi harusi wa mwaka ule wa mashine, sasa nyanya mwenye wajukuu, ambaye yeye na wenzake ndio waliotupikia siku hiyo. Alikuwa amejifunika mdomo kwa buibui, mabega yanamtikisika.

Ukoo wangu na utoto wangu wa Chundwa sitauandika hapa. Mwenye haja nao apande mashua aende Pate akaulize, atahadithiwa mpaka achoke. Kinachonihusu ni mwaka ule mmoja, nilipokuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi na Profesa akanichukua kuwa msaidizi wake wa utafiti. Hakunichukua kwa akili zangu. Alinichukua kwa sababu alihitaji mtu wa kuingia nyumba za watu Amu na kuwahoji wanawake, na yeye mwanamume wa bara, aliyevaa suti hata kwenye jua la saa saba, asingefika mbali zaidi ya daka, lile baraza la mlangoni ambapo mgeni huishia. Mwenyewe aliniambia hivyo siku ya kwanza, bila haya: "Binti, wewe utakuwa mlango wangu." Nilikuwa nimesoma miaka minne mawimbi ya sauti, nikaja kuwa mlango.

Nilipata chumba kwa Bi Rukia, mjane mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa mbili iliyopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha barafu cha Bwana Athmani. Nyumba ile ningeweza kuichora hata sasa nikiwa nimefumba macho. Daka lenye mabaraza ya mawe, kisha mlango, kisha kona iliyojengwa makusudi ili anayepita nje asione ndani, kisha kiwanda, ndivyo Amu wanavyouita ua wa katikati, wenye birika la maji na visamaki vidogo vya kula mabuu ya mbu. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na cha ndani kabisa kilikuwa na zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ukutani, vyenye sahani za zamani ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Juu kabisa darini, kwenye paa bapa lililo wazi, kulikuwa na jiko la makuti. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, na magharibi ilipopita chai ya tangawizi na mkate wa sinia. Kila nikijaribu kuinuka na karatasi zangu Bi Rukia alinirudisha kwenye mkeka kwa jicho. "Mwana wa Chundwa, keti ule," alikuwa akisema. "Sayansi haishibishi. Mbona yule Profesa wako yuwapima kutwa na mwili haumuinuki?"

Alinipenda, lakini kwa dharau. Watu wa Amu wa tabaka lake walituona sisi wa Chundwa watu wa shamba na mitego ya samaki, na hakuona sababu ya kulificha jambo ambalo kwake lilikuwa wazi. Mimi nilimdharau kidogo kwa kutojua kusoma kitu chochote ila Kurani. Profesa alitudharau sote wawili. Mwaka ule dharau ilikuwa ndiyo hewa tuliyoivuta, na nikitazama nyuma naona kwamba ilitufanya sote tufanye mambo ya kijinga, isipokuwa ujinga wa Profesa ulipewa tuzo.

Mashine yenyewe ilikuwa injini kubwa ya dizeli. Iliwashwa kila siku baada ya sala ya alasiri, ili barafu iwe tayari kwa wavuvi wa alfajiri, na ikawaka mpaka isha. Bomba lake la moshi lilikuwa wazi limeelekezwa juu, na ilipoanza ilikohoa mara mbili tatu kisha ikapasua mtaa. Kuta za nyumba zilitetemeka, sahani za zidaka zikalia. Imamu wa msikiti wa jirani alikwisha kulalamika, mwalimu wa madrasa alikwisha kulalamika, na wenye maduka ng'ambo ya mtaa walilalamika mpaka wakachoka. Profesa alinipa orodha ya maswali, nami nikaingia nyumba kwa nyumba kuuliza: kelele hii inakusumbua sana, kiasi, au haikusumbui? Wanaume wote walisema sana. Wanawake wa nyumba za mbali walisema sana au kiasi. Lakini wanawake wa nyumba zilizopakana na kiwanda, ambao masikio yao yalikuwa yakipigwa kuliko ya mtu yeyote, walisema haiwasumbui. Mmoja aliniambia, "Mashine? Mashine ni rehema." Nikaandika rehema, nikaenda zangu nikiwa nimechanganyikiwa.

Profesa hakuchanganyikiwa. Tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya nyumba ya wageni alikofikia, na yeye alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, akilizungusha ili ganda lisikatike. "Ni wazi," alisema. "Masikio yao yamekufa. Ukikaa kando ya ngoma mwaka mzima, utasikia nini tena? Na ongeza kwamba hawakusoma. Mtu asiyesoma hajui hata kwamba anateseka." Akalila lile chungwa. Jambo hilo aliliandika hivyo hivyo, kwa maneno ya heshima zaidi, na limenukuliwa na watu wengi ambao pia hawakupita daka.

Ukweli nilikuwa nimeujua kabla sijaketi pale, kwa sababu nilikuwa nikiishi ndani yake. Kila siku baada ya alasiri, wanawake wa zile nyumba walianza kupanda darini kwa Bi Rukia, mmoja mmoja, wengine wakipitia wikio, lile daraja la chumba linalounganisha nyumba mbili juu ya uchochoro, ili wasionekane njiani. Chini ya buibui walileta pembe za nyati na vijiti. Waliketi kimya wakingoja, na mashine ilipokohoa mara ya kwanza, Bi Rukia aliinua kijiti. Ya pili, wakavuta pumzi. Ya tatu ikipasuka wakaanza, kwa sauti zote walizopewa na Mungu, pembe zikilia kó-kó-kó, na chini njiani mwanamume aliyepita hakusikia kitu ila dizeli. Walikuwa wakifanya mazoezi ya vugo.

Asiyejua vugo aelewe hivi. Harusini, wanawake hupita mitaani wakipiga pembe na kuimba, na nyimbo zao si za kumsifu bibi harusi tu. Humo ndimo wanawake wa mtaa mmoja huwatupia wenzao wa mtaa mwingine maneno yaliyopikwa mwaka mzima, na waliotupiwa huwa na haki ya kujibu hapo hapo, kwa shairi, mbele ya watu. Ukikosa jawabu umeaibika mpaka harusi nyingine. Kwa hiyo wimbo hufichwa kuliko dhahabu. Ukivuja kabla ya siku yake, wapinzani hukaa wakatunga majibu mstari kwa mstari, na wewe ukifungua mdomo wanakuzika. Mwaka uliotangulia, Bi Shee, dada yake Bwana Athmani mwenye kiwanda, alikuwa amemuoza binti yake, na kundi lake likapita mbele ya mlango wa Bi Rukia likiimba kwamba katika karamu ya nyumba hiyo wageni waliitafuta nyama katika biriani kwa tochi. Bi Rukia hakuwa na jawabu. Aliingia ndani akafunga mlango, na mwaka mzima, aliniambia, hakula biriani. Sasa binti yake Batuli alikuwa anaolewa, na jawabu lilikuwa tayari. Kitu hicho ndicho mwanamke yule alichokuwa nacho duniani mwaka ule. Nyumba ilikuwa inabomoka upande mmoja, macho yalikuwa yanaingia ukungu, lakini jawabu lilikuwa tayari.

Nililisikia siku ya kwanza nilipoalikwa darini. Bi Shee alikuwa akijivunia barafu ya kaka yake, hakuna mgeni aliyeketi kwake asiyeletewa gilasi inayogonga barafu, na ubeti ulimwendea moja kwa moja:

Tumeketi twangojea,
gilasi zi mkononi,
barafu yaelelea,
sharubati i ndotoni.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku nyingine wakaongeza ubeti wa mchezo, wa kupashia koo joto, na huo haukuwa wa Bi Shee. Walikuwa wamemwona Profesa akipita uchochoroni na kipima sauti chake ndani ya sanduku la ngozi, amevaa visikizi, akimfukuza kuku aliyekuwa akimharibia vipimo:

Mgeni wa masanduku,
shikio halitulii,
lasikia hata kuku,
watu haliwasikii.

"Usende kumwambia," Bi Rukia alinionya. Nikamwambia sina kazi ya kumpelekea Profesa mambo ya darini, na kweli sikumpelekea, hata aliponikaripia kwamba majibu ya wanawake wale yanaharibu jedwali lake na kwamba huenda sikuuliza vizuri. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja kwamba sauti moja huifunika nyingine, jambo ambalo yeye mwenyewe alitufundisha darasani, na kwamba kuna watu ambao kelele ni pazia lao. Lakini angeliandika, lingesomwa, na mwisho lingemfikia Bi Shee kabla ya harusi. Nikamwacha na masikio yake yaliyokufa.

Kazi ya sailensa ilinifurahisha, na sitajifanya haikunifurahisha. Mpango ulikuwa kuunganisha mapipa ya mafuta na mabomba ndani yake, marefu kwa kipimo maalumu, ili mawimbi ya sauti yanayorudi yakutane na yanayokwenda na kumalizana. Urefu wa pipa ndio kila kitu, nao hutegemea kasi ya sauti. Profesa alikuwa amepiga hesabu kwa kasi ya sauti katika hewa ya kawaida, hewa ya mtu aliyeketi kivulini na chungwa. Lakini ndani ya bomba lile hapakuwa na hewa ya kivulini, palikuwa na moshi wa moto uliokuwa umenibabua kiganja wiki ya kwanza, na katika joto sauti hukimbia kasi zaidi. Pipa lake lilikuwa fupi mno. Nilimwonyesha. Hakuitazama karatasi. "Binti, hesabu hii nimeifundisha tangu hujajua kushika kalamu," alisema, akanirudishia. Basi nikaenda kwa mchomeleaji nikamwambia arefushe pipa kwa kipimo changu, naye akarefusha, kwa kuwa yeye alitaka kujua tu akate wapi. Profesa alipolikuta limekamilika alilipiga kofi kama punda aliyemnunua, akasema limetoka sawasawa na mchoro wake.

Siku ya kuizindua ikapangwa Alhamisi, baada ya alasiri, na harusi ya Batuli ilikuwa wiki iliyofuata. Mkuu wa Wilaya angekuja, na maofisa, na Bwana Athmani na jamaa zake, Bi Shee akiwa mbele yao. Nilimwomba Profesa aiahirishe siku chache, harusi ipite. Nilimwambia mtaa una harusi. "Sayansi haingojei biriani," alinijibu, na akajipenda sana kwa kauli hiyo, kwa maana siku hiyo niliisikia akiwaambia watu wengine wawili. Ikabaki njia moja. Nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Rukia jikoni darini akipindua samaki, nikamwambia Alhamisi wasiimbe, mashine haitanguruma.

"Itanyamaa kwa nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Kwa lile pipa."

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu, mimi n'meolewa, n'mezaa, n'mezika mume, na mashine hiyo yanguruma. Yeo iye inyamae kwa pipa la mafuta? La yule afukuzao kuku?"

"Bi Rukia, si lake. Pipa hilo nimelipigia hesabu mimi. Litanyamaza, wallahi."

Hapo aligeuka, akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko kicheko. "Wewe, mwana wa Chundwa," alisema. "Haya. Keti ule."

Na kibaya zaidi nikawa nimemwongezea hamu. Kusikia kwamba Bi Shee ataketi pale chini, kando ya mashine yenyewe, futi chache kutoka ukuta wao, kulimlevya. Wangemwimbia juu ya kitwa chake, alisema, neno kwa neno, na yeye ameketi na upepeo wake hasikii kitu. Wenzake walipiga vigelegele. Niliwaomba tena Alhamisi asubuhi, nikaambiwa niende nikavae vizuri, wageni wanakuja.

Viti vilikuwa vimepangwa kwenye ua wa kiwanda, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Bi Shee katikati ya safu yake ya mbele, kila mmoja ameshika gilasi yenye barafu. Profesa alihutubu kirefu. Alisema kelele ni adui asiyeonekana, akasema ujinga ni mama wa kelele, akamshukuru Mkuu wa Wilaya, akanitaja kama binti aliyemsaidia kubeba vyombo. Kisha akasimama na kipima sauti mkononi na kumpungia fundi. Mashine ikakohoa. Nilitazama juu, kwenye ukingo wa dari la Bi Rukia, na moyo wangu ulikuwa umegawanyika nusu kwa nusu, kwa maana nusu yake ilikuwa ikiomba pipa lifanye kazi na nusu ikiomba lipasuke. Ikakohoa ya pili. Ikakohoa ya tatu, ikaingia kazini, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Pipa langu lilifanya kazi. Na kutoka angani, kwa pembe zote na kwa koo zote, ikateremka: Tumeketi twangojea.

Walikuwa wameanza kwa kikohozi cha tatu, kama kila siku, na wimbo ukishaanza kwa nguvu ile hauna breki. Ubeti mzima ulitua juu ya gilasi za wageni. Nilimwona Bi Shee akiitazama ya kwake. Wakaunganisha na wa Profesa, kwa maana wale waliokuwa nyuma hawakuwa wamegundua, na ulipofika kwa kuku, Mkuu wa Wilaya aliingiza uso ndani ya kitambaa akajifanya anakohoa. Pale tu ndipo pembe zilipoanza kukatika, moja, nyingine, mpaka ikabaki sauti moja ya kizee asiyesikia vizuri, ikiwaambia watu wote wa Amu kwamba watu haliwasikii. Kisha nayo ikakatika. Profesa alikuwa hajainua macho kutoka kwenye mshale wa chombo chake. "Mnasikia?" alipaza sauti, uso unang'aa. "Mnasikia? Sasa unaweza kuwasikia hata akina mama wakiimba! Hiyo ndiyo sayansi!" Watu walipiga makofi kwa furaha ambayo sijaiona tena katika uzinduzi wowote.

Nilipopanda darini, pembe zilikuwa chini zimetawanyika na wanawake wameshaondoka kupitia wikio. Bi Rukia alikuwa ameketi ukingoni mwa jiko, mikono mapajani. Nilingoja anilaumu. "Kumbe wewe walisema kweli," alisema. "Pipa ni lako." Sijapata sifa nyingine kama hiyo katika kazi yangu, wala sijaipata nyingine chungu kama hiyo. Batuli alikuwa akilia ndani. Kufikia magharibi ubeti wa sharubati ulikuwa umefika sokoni, kesho yake watoto waliuimba wakienda madrasa, na habari zikaletwa kwamba kwa Bi Shee kunatungwa majibu, taa haizimwi, kila mstari umeshapata dawa yake. Muda wa kutunga wimbo mwingine haukuwapo, na hata kama ungekuwapo hapakuwa tena na mahali pa kuufanyia mazoezi, kwa sababu mtaa wote sasa ulikuwa kimya na kila neno likivuka ukuta. Nilijua ni nani aliyeuleta ukimya ule. Niliketi kwenye mkeka nikala nilichopewa.

Siku ya harusi, wanawake wa Bi Rukia walitoka. Niliwafuata nyuma. Walipita mitaa yote wakiimba nyimbo za kawaida za bibi harusi, mpaka tukafika mbele ya nyumba ya Bi Shee. Kundi lake lilikuwa limejipanga barazani, pembe tayari, vifua vimejaa majibu. Bi Rukia akainua kijiti. Wakapiga kó-kó-kó, ule mwendo wenyewe ambao kila mtu Amu alikuwa ameshaujua, na wakafumba midomo. Walipiga ubeti mzima kwa pembe tu, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyetamka neno. Halikuwa na haja ya kutamkwa. Njiani pote niliona midomo ya watu ikicheza yenyewe, wazee barazani, wachuuzi, watoto juu ya kuta, na walipofika pa sharubati kicheko kikapasuka kutoka mwisho wa mtaa hadi mwisho. Bi Shee alifungua mdomo, akaufunga. Hujibiwa neno lililosemwa, ndiyo sheria ya vugo. Anayejibu lisilosemwa amejitaja mwenyewe. Majibu yale yote waliyokesha nayo yalibaki kooni. Na baadaye, Bi Shee alipokuja kwenye karamu, kwa maana asingeweza kutokuja, Bi Rukia mwenyewe alimpelekea gilasi ya sharubati iliyojaa mpaka mdomo, isiyo na hata chembe ya barafu. Usiku huo Bi Rukia alikula biriani sahani mbili.

Profesa alirudi bara akawa mtu mkubwa. Sailensa nyingine zilizojengwa kwa mchoro wake huko bara, kwa kipimo chake cha hewa ya kivulini, zote zilinguruma, na kila mara ililaumiwa injini, au mafuta, au fundi. Ya Amu peke yake ndiyo iliyonyamaza, nao wataalamu wakaandika juu ya upepo wa bahari na unyevu wa hewa kuueleza muujiza huo. Nilikwisha kuandika hesabu sahihi mapema, kwa jina langu, na watu wa kazi yetu waliisoma. Tangu hapo wote wamejua ni ya nani. Wameijua, wakaona ni rahisi zaidi kuendelea kupiga makofi. Nimefundisha na watu hao, nimekula nao kwenye makongamano, na nimewasikia wakitoa mihadhara kuhusu uadilifu.

Ndipo, pale ukumbini, yule kijana wa tai nyekundu akaniita jukwaani, akasema sasa tutasikia maneno machache kutoka kwa Profesa Maryamu, ambaye katika ujana wake alipata bahati ya kumbebea marehemu vyombo. Nilikuwa na hotuba mkobani. Majibu yote nilikuwa nayo, kila mstari na dawa yake, yametungwa kwa muda mrefu kuliko ya Bi Shee. Nilipanda na gilasi yangu ya sharubati, nikaiweka mezani mbele ya maiki, nikawatazama. Kisha nikatoa kalamu nikaanza kugonga gilasi, kó-kó-kó, ule mwendo, taratibu. Walidhani naomba utulivu, watu wale wa sauti. Wakanyamaza wote kwa heshima, wakainamisha vichwa, na mmoja akainuka hatimaye akafunga dirisha. Niligonga mstari wa kwanza wa mgeni na masanduku yake, na wa pili, na wa kuku. Nyuma kabisa, karibu na sufuria, Batuli na wenzake walikuwa wameshasimama, na kabla kalamu yangu haijafika mwisho niliiona midomo yao ikiumaliza ubeti.